Kifurushi cha "kuongeza kinga" cha sh. 85,000: kuna ukweli wowote au napigwa?

BintiMbagala ameuliza:

Wakuu, habari za jioni. Naomba mwongozo wa wenye fani zao.

Nyumbani tupo sita: watu wazima wawili, bibi wa miaka 68 mwenye kisukari, mtoto wa miaka 7, wa miaka 3, na mchanga wa miezi mitano. Huyu wa miaka 3 ameanza chekechea Januari na tangu hapo mafua hayaishi. Akipona wiki mbili, anaanza tena na anawaambukiza wengine.

Kuna dada mtaani anauza kifurushi cha kuongeza kinga: vidonge vya vitamini C vya miligramu 1,000, vidonge vya zinki vya miligramu 50, unga wa mlonge, na chupa ya tangawizi, limao, kitunguu saumu na asali. Vyote sh. 85,000 kwa mwezi. Anasema nyumba nzima itumie, hata mchanga apewe kijiko kimoja cha ile chupa asubuhi.

Je, vinasaidia? Na kama si hivyo, ni mambo gani ya kila siku yanayolinda familia kweli? Mniambie na vipimo, maana "kula vizuri, pumzika" nimeshaisikia sana.

---

Tabibu_wa_Zamu:

Dada, kwanza kabisa: mchanga asipewe hiyo chupa. Asali hairuhusiwi kwa mtoto chini ya mwaka mmoja, hata ya kulamba kidoleni. Inaweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Utumbo wa mkubwa unazidhibiti, wa mchanga bado. Zikiota humo zinatoa sumu inayolegeza misuli: mtoto anakosa choo, kilio kinafifia, shingo inalegea, ananyonya kwa shida. Kama ameshapewa na ukaona dalili hizo, nenda hospitali usiku huohuo na uwaambie habari ya asali. Kwa miezi mitano, kinga yake ni maziwa ya mama peke yake, bila maji, bila uji, hadi atimize miezi sita. Maziwa hayo yanabeba kingamwili za magonjwa ambayo mama ameshakutana nayo, yaani hayohayo mafua ya chekechea.

Sasa huyu wa miaka 3. Mtoto wa umri huo kupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka ni kawaida, na anayeanza chekechea anaweza kufika hata mara 10. Kila moja hukaa siku 7 hadi 10, na kikohozi kinaweza kubaki hadi wiki tatu. Piga hesabu: mafua 8 mara siku 10 ni siku 80 za kamasi kwa mwaka kwa mtoto mzima kabisa. Virusi vya mafua viko zaidi ya aina mia, na kinga yake inavisoma kimoja kimoja. Darasa ndilo hilo.

Kinachonifanya nishtuke ni hivi: nimonia mbili au zaidi ndani ya mwaka, masikio kutoa usaha mara nne au zaidi kwa mwaka, utando mweupe mdomoni usioisha baada ya mwaka mmoja wa umri, majipu ya ndani yanayojirudia, au uzito kusimama kwenye kadi ya kliniki. Ukiona mojawapo, hapo mtoto anahitaji vipimo, cha VVU kikiwemo, na muda wa kutafuta vifurushi unakuwa umekwisha. Na ingawa kikohozi cha mafua kinaweza kuchelewa kuisha, kikifika wiki mbili au zaidi, kwa yeyote nyumbani, kipimwe kifua kikuu.

Kuhusu vidonge. Zinki miligramu 50 imepita kiwango cha juu cha mtu mzima, ambacho ni 40 kwa siku. Kwa mtoto wa miaka 3 kiwango cha juu ni 7 tu. Zinki ikizidi kwa muda mrefu inazuia mwili kufyonza shaba, na upungufu wa shaba unashusha chembe nyeupe za damu. Unanunua kinga, unapata kinyume chake. Zinki ya kituoni tunayompa mtoto mwenye kuhara pamoja na ORS ni jambo jingine: miligramu 20 kwa siku kwa mwenye zaidi ya miezi sita, 10 kwa aliye chini yake, siku 10 hadi 14, basi.

Vitamini C: mapitio makubwa ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba kwa watu wa kawaida kumeza kila siku hakuzuii mafua. Kunafupisha siku za kuumwa kwa takriban asilimia 8 kwa wakubwa na 14 kwa watoto. Yaani mafua ya siku saba yanapungua nusu siku hivi kwa mkubwa, siku moja hivi kwa mtoto. Ukianza kumeza baada ya kuugua, hata nafuu hiyo huipati.

Na neno lenyewe "kuongeza kinga" linanisumbua. Kinga si sauti ya redio kwamba ukizungusha zaidi ndiyo bora. Iliyopitiliza ndiyo hiyo inayoleta mzio, pumu, na magonjwa ambayo mwili unajishambulia. Kinachoifundisha kumtambua adui ni chanjo. Mchanga wako kwa miezi mitano awe amemaliza za kuzaliwa, wiki ya 6, 10 na 14. Halafu surua-rubela miezi 9 na 18. Hiyo ya pili ndiyo watu wengi wanaisahau kwa sababu mtoto ameshaanza kutembea na kliniki imezoeleka. Usiikose: surua ikimpata mtoto inaweza kufuta sehemu kubwa ya kumbukumbu ya kinga aliyojijengea dhidi ya magonjwa mengine, na inabidi aijenge upya.

Bibi: sukari ikiwa juu, chembe nyeupe zinakuwa nzito kufika penye jeraha na kuua vijidudu. Kwake yeye kinga ni kushusha sukari, kukagua miguu kila jioni (katikati ya vidole pia), na kusafisha meno. Ile chupa yenye asali inamharibia hesabu.

---

Lishe_Moro:

Tabibu amemaliza upande wake, mimi nashika sufuria.

Lengo la WHO ni angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa mtu mzima kwa siku. Kwa lugha ya jikoni: bakuli dogo la mboga iliyopikwa mchana, jingine usiku, na matunda mawili. Wengi wetu tunakula ugali mlima na mboga kijiko cha kusindikizia. Geuza sahani kabla ya kugeuza pochi.

Vitamini C ya huyo dada unaipata kwenye pera. Gramu 100 za mapera zina miligramu 200 na zaidi. Chungwa lina kama 50 kwa uzito huohuo. Mwanamke mzima anahitaji 75 kwa siku, mwanamume 90. Pera moja limemaliza kazi. Limao, kwa sifa zote linazopewa, halilishindi chungwa, na ukilichemsha na tangawizi robo saa unapunguza hata hicho kidogo. Kama unapenda ladha yake kamulia kwenye chai iliyopoa kidogo. Ubuyu nao una vitamini C nyingi, lakini ni ule unga mweupe wa asili. Ule mwekundu wa pakiti umebeba sukari na rangi.

Vitamini A ndiyo inayotunza utando wa pua, koo na utumbo, yaani ukuta wa kwanza kabla adui hajaingia. Ipo kwenye mchicha, matembele, karoti, papai lililoiva, maembe, maini, na viazi lishe vya rangi ya chungwa. Kiazi lishe kimoja cha gramu 125 hivi, ukubwa wa ngumi ya mtoto mkubwa, kinamtosheleza mtoto wa miaka 3 kwa siku. Vitamini hii inahitaji mafuta ili ifyonzwe, kwa hiyo mboga za "kuchemsha tu kwa afya" bila tone la mafuta zinapita zikiaga. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kwa fungu la mboga kinatosha, au karanga zilizotwangwa, au tui.

Na zile kampeni za Juni na Desemba msizikwepe: mtoto wa miezi 6 hadi 59 anapewa tone la vitamini A kila miezi sita (uniti 100,000 kwa wa miezi 6–11, uniti 200,000 kwa wa mwaka mmoja na kuendelea), na kuanzia mwaka mmoja anapewa dawa ya minyoo. Minyoo inakula kwenye sahani ya mtoto kabla yake.

Sasa makosa ya jikoni, maana hapa ndipo hela inapomwagika:

Mchicha unaoshwa kabla ya kukatwa. Ukiukata kwanza ukauloweka, vitamini C na folate zinatoka na maji ya kuoshea. Upikwe dakika tano hadi saba, ukibaki kijani. Ukiona umekuwa rangi ya jani la mgomba lililokauka, umechelewa. Maji ya mboga yasimwagwe.

Magadi. Yanalainisha maharage na mlenda haraka, kweli, lakini yanaua vitamini C na B1. Badala yake loweka maharage usiku kucha, saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, pika na maji mapya. Kuloweka kunapunguza faitiki, kitu kinachoshika madini ya chuma na zinki yasiingie mwilini, na gesi pia inapungua.

Kisamvu ni mwiko tofauti: kitwangwe sana, kichemshwe muda mrefu sufuria ikiwa wazi mwanzoni ili ile sumu ya asili ya muhogo iondoke na mvuke. Hapa usihurumie vitamini C.

Chai ya rangi juu ya chakula. Maharage na mboga za majani zina madini ya chuma, lakini tanini za chai zinashika sehemu kubwa yake tumboni. Subiri angalau saa moja baada ya kula. Kwenye chakula hichohicho weka kachumbari ya nyanya na ndimu au kipande cha chungwa: vitamini C inafungulia chuma mlango. Bibi na akina mama hasa.

Protini: kingamwili zimetengenezwa kwa protini, hazitengenezwi kwa tangawizi. Dagaa wanaoliwa wazima na vichwa vyao wanakupa protini, zinki, chuma na kalisi kwa mpigo. Kaanga kidogo bila mafuta kwanza, osha kwa maji ya moto, toa mchanga. Dagaa wenye mchanga ndio wanaowafanya watoto wawachukie. Kwa wa miaka 3, kiganja chake kimejaa dagaa au yai moja kwa siku, pamoja na maharage, kinatosha.

Mlonge sina ugomvi nao, ni mboga nzuri. Lakini chuma majani mabichi upike kama mboga nyingine. Unga uliokaa juani sokoni wiki tatu umeshapoteza vitamini nyingi.

---

Bwana_Afya:

Mmeongea chakula, naongea mikono na hewa. Mafua ya chekechea hayaruki kwa uchawi, yanakuja nyumbani kwenye vidole vya mtoto na kwenye hewa ya chumba.

Angalieni namna tunavyonawa kabla ya ugali. Bakuli moja, maji nusu lita, watu sita wanatumbukiza mikono kwa zamu, bila sabuni, kisha wanafutia kitambaa kimoja. Wa sita ananawa uchafu wa watano. Kunawa ni maji yanayotiririka na sabuni, kusugua sekunde 20 (nyuma ya viganja, katikati ya vidole, kidole gumba, kucha), suuza, kausha kwa kupunga hewani au kwa kitambaa chako mwenyewe. Sabuni ya mche inatosha, haihitaji "antibakteria". Ukikosa sabuni kabisa, jivu safi lililopoa linasaidia kusugua.

Nyakati zisizo na mjadala: baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula, kabla ya kulisha au kunyonyesha. Na kwa nyumba yako ongeza moja: mtoto akirudi chekechea, ananawa kabla hajamkumbatia mchanga.

Kama bomba halitoki kila siku, nunua ndoo yenye koki uiweke juu ya stuli karibu na choo. Wenye uwanja watengeneze kibuyu chirizi: dumu la lita 5, pasha msumari motoni utoboe tundu moja kama sentimita 12 chini ya mfuniko, pitisha mti kwenye mkono wa dumu uulaze juu ya nguzo mbili zenye panda, funga kamba shingoni mwa dumu ishuke hadi kwenye kijiti cha kukanyagia. Mwisho tundika sabuni kando. Kinachoharibika huwa ni hivi: tundu likiwa kubwa maji yanaisha kwa watu kumi, kamba ikiwa fupi dumu linabaki limeinama na kumwaga, maji yakijazwa hadi juu ya tundu yanavuja bila mtu kukanyaga, na sabuni isiyofunikwa inayeyuka mvua ya kwanza. Ifunike kwa nusu ya chupa ya plastiki iliyokatwa.

Maji ya kunywa: yachemke mapovu makubwa dakika moja (walio juu sana kama Makete, tatu). Kosa linakuja baada ya hapo: yanawekwa kwenye ndoo wazi na kila mtu anachota kwa kikombe chake. Umechemsha kazi bure. Weka kwenye chombo chenye mfuniko na koki. Ukitumia vidonge vya klorini, fuata pakiti. Vingi ni kidonge kimoja kwa lita 20, kisha subiri dakika 30. Maji yakiwa na tope, chuja kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, maana tope linaimaliza klorini kabla haijafika kwa vijidudu.

Hewa. Moshi wa kuni na mkaa unapooza vinyweleo vidogo vya njia ya hewa ambavyo kazi yake ni kusukuma kamasi na vijidudu nje. Mtoto anayebebwa mgongoni mwa mpishi anavuta moshi saa mbili kwa siku, na nimonia haiko mbali. Washa jiko nje hadi mkaa ushike vizuri, pika kwenye baraza, na mchanga akae na mtu mwingine. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034, lakini wewe usisubiri mwaka huo. Hata kupikia maharage tu kwenye gesi au jiko la umeme la presha kunapunguza moshi mwingi, maana maharage ndiyo yanayokaa jikoni muda mrefu. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo ni moshi. Chandarua chenye dawa, kisicho na matundu, kimechomekwa chini ya godoro pande zote.

Na chekechea: ukienda kumchukua mtoto, angalia madirisha. Watoto 30 na madirisha yamefungwa kwa sababu ya feni ndicho kiwanda cha mafua yenu. Zungumza na mwalimu, dirisha ni bure.

---

Saa_Nane_Usiku:

Hamjagusa usingizi, na ndio wa bei rahisi kuliko vyote.

Mwaka 2015 watafiti Marekani walichapisha jaribio: watu wazima 164 wenye afya walivaa kipima usingizi mkononi kwa wiki moja, kisha wakatiwa puani matone yenye virusi vya mafua. Waliokuwa wakilala chini ya saa 6 walipata mafua kwa uwezekano wa zaidi ya mara 4 kuliko waliolala zaidi ya saa 7. Virusi vilevile, kipimo kilekile.

Mahitaji: miaka 3–5, saa 10 hadi 13 pamoja na usingizi wa mchana, miaka 6–12, saa 9 hadi 12, mtu mzima, saa 7 au zaidi. Sasa chukua huyo wa miaka 7 kama anapanda basi la shule saa 11 na nusu alfajiri. Anaamka saa 11. Ili apate saa 9 lazima awe amelala, si amepanda kitandani, saa 2 usiku. Tamthilia inaanza saa ngapi? Mtoto anayelala sebuleni au chumba kinachopakana na runinga hafikishi saa hizo kirahisi. Pika mapema, oga, zima skrini saa moja kabla. Wikiendi hailipi deni lote.

Wakubwa: dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Shuka kituo kimoja kabla, kwenda na kurudi, siku tano, umemaliza. Sigara na pombe sina la kuongeza.

---

BintiMbagala:

Nashukuruni sana, nimeshamwondolea mchanga ile chupa (alikuwa hajaonja). Maswali matatu ya nyongeza: nyungu je? Na pale duka la dawa wananiambia nimpe wa miaka 3 amoksilini kila akishikwa na kamasi. Halafu mchanga akifika miezi sita, unga wa lishe wa nafaka tisa unafaa?

---

Tabibu_wa_Zamu:

Nyungu: mvuke unalainisha kamasi na mtu anahisi nafuu ya muda, lakini hauui virusi wala hauongezi kinga. Mkubwa akipenda, sawa. Mtoto chini ya shuka na sufuria la maji yanayochemka, hapana. Majeraha ya moto ya namna hiyo ni mabaya kuliko mafua yoyote. Mtoto wa miaka 3 mpe matone ya maji ya chumvi puani, vinywaji vya uvuguvugu, na kwa kikohozi cha usiku nusu kijiko cha chai cha asali (huyu ameshavuka mwaka). Akipumua haraka, mbavu zikiingia ndani, akikataa kunywa au akiwa mlegevu, usisubiri asubuhi.

Amoksilini haigusi virusi. Inachofanya kwenye mafua ni kufagia bakteria wema wa utumboni, kuleta kuhara, na kuwalea wale sugu ili siku ya nimonia dawa isifanye kazi. Kamasi kuwa ya njano au kijani siku ya nne haimaanishi bakteria, ni chembe nyeupe zilizokufa kazini. Mwambie muuzaji kwamba bila cheti cha daktari huichukui.

Na kama yupo nyumbani anayetumia ARV au dawa ya kuzuia damu kuganda, vidonge vya kitunguu saumu asimeze bila kumuuliza daktari wake. Kitunguu cha kwenye mboga hakina shida.

---

Lishe_Moro:

Nafaka tisa ni biashara, si lishe. Mahindi, mtama, ulezi na ngano ni ndugu, kuvichanganya vinne hakukupi kitu kipya. Kinachoharibu zaidi: soya mbichi inasagwa humo, na soya isiyochemshwa au kukaangwa vizuri ina kitu kinachozuia protini kumeng'enywa, karanga na dagaa zikisagwa pamoja na unga, mafuta yake yanachacha ndani ya wiki chache, na mtoto akipata mzio hujui ni cha ngapi kati ya tisa.

Chukua nafaka moja (ulezi au mahindi yasiyokobolewa), saga kilo moja au mbili tu kwa wakati. Karanga zilizochaguliwa, zikakaangwa na kutwangwa, unaongeza kijiko kimoja kwenye uji unapoiva. Siku nyingine yai, siku nyingine maziwa, siku nyingine papai lililopondwa. Uji uwe mzito: ukiinamisha kijiko usidondoke kama maji. Miezi 6 anza na vijiko viwili hadi vitatu vya chakula, mara mbili hadi tatu kwa siku, ukiongeza taratibu, na kunyonya kunaendelea hadi miaka miwili na zaidi.

---

Mkulima_Kibaigwa:

Naongezea kwenye hizo karanga na mahindi, maana huku ndiko vinakotoka. Kuna adui asiyeonekana anaitwa sumukuvu, aflatoksini. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Lakini hata ile kidogo ya kila siku inadhoofisha kinga, inadumaza watoto na kuumiza ini. Kupika hakuitoi: ugali ukiiva, nayo imo.

Karanga: mwaga kwenye ungo, toa zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye ukungu na zilizobadilika rangi. Hizo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya sumu. Usizisage "zisipotee", na kuku usimpe.

Mahindi ya gunia: yaliyoanikwa chini kwenye udongo yaepuke, yanatakiwa turubai. Kupima ukavu nyumbani: chupa ya kioo kavu kabisa, jaza mahindi theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chakula vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja, iache dakika 15. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15, rudisha juani. Kwa kuhifadhi muda mrefu lenga 13.5 au chini yake, kisha tia kwenye mfuko wa kinga njaa (wa tabaka tatu, usiopitisha hewa): toa hewa, funga nailoni ya ndani peke yake, ya pili peke yake, halafu mfuko wa nje. Ukivifunga vyote kwa fundo moja hewa inaingia. Na mahindi mabichi kwenye mfuko huo yanaoza haraka kuliko kwenye gunia la kawaida.

---

Mpemba_Leicester:

Wadau, na sisi tulio huku Uingereza kwenye baridi? Jua halionekani hadi Aprili.

---

Tabibu_wa_Zamu:

Kwenu kipo kidonge kimoja ambacho nakiunga mkono: vitamini D. Mwongozo wa Uingereza ni mikrogramu 10 (uniti 400) kwa siku kuanzia Oktoba hadi Machi, na kwa mwenye ngozi nyeusi au anayejifunika, afikirie mwaka mzima. Mchanga anayenyonya apewe mikrogramu 8.5 hadi 10 tangu kuzaliwa. Mtu mzima asipite mikrogramu 100. Ndugu zetu wa Muscat na Dubai wanaotoka nyumba ya kiyoyozi kuingia gari la kiyoyozi nao wapime, jua la dirishani halitengenezi vitamini D.

---

BintiMbagala:

Mkulima, hiyo chumvi ya kupimia ni ya mawe au laini? Nimejaribu ya mawe haikuganda popote na mahindi nayaona bado laini jinoni.

---

Mkulima_Kibaigwa:

Laini, ya mezani, uianike juani kwanza hadi ipite vidoleni bila kunata. Ya mawe ni nzito, inateleza na kurudi chini hata mahindi yakiwa na maji, kwa hiyo jibu ulilopata ni la uongo. Rudia na chupa nyingine kavu, mahindi uyachote katikati ya gunia na chini kabisa, ya juu huwa yamekauka yenyewe.